Utando Uliolishwa Majina

Asubuhi ya tatu tangu arudi kutoka hospitali ya bondeni, Nankondo aliuonja mlima wa Vughondo akakuta humo nyumba yake mwenyewe.

Hakuonja kwa ulimi. Alichovya kijiti cha kioo kwenye tone lililokuwa likining'inia chini ya mwamba, akakipeleka kibandani, akakitumbukiza ndani ya chombo cha Bodi ya Bonde, kisha akasubiri kama mtu aliyebandika maji ya chai. Namba zikaanza kupanda. Nyumba ya kwanza, imelisha. Ya pili, imelisha. Zote mia tatu themanini na nane, bila pengo hata moja. Shibe ya utando: tisini na saba kwa mia.

Angeandika "salama" akaenda kunywa uji, kama jicho lake lisingetua kwenye nyumba ya mia na kumi na mbili. Imelisha.

Nyumba ya mia na kumi na mbili ilikuwa yao, yeye na mama yake. Kwa miezi minne ilikuwa imefungwa, tangu Mama Nanzia alipoteleza akavunjika nyonga na Nankondo akashuka naye hospitalini kumuuguza. Ufunguo alikuwa nao yeye mwenyewe, umefungwa kwenye pindo la khanga.

Akarudisha nyuma kumbukumbu za chombo, za wiki ambazo mwingine alimwonjea. Alhamisi iliyopita, imelisha. Alhamisi ya kabla yake, imelisha. Alhamisi kumi na saba nyumba isiyo na mtu ilikuwa imepanda mlima ikalisha utando.

Kwanza alicheka. Kicheko kikamkatikia katikati.

Kila nyumba Vughondo ilikuwa na hamira yake, iliyotengenezwa maabara, yenye harufu isiyofanana na ya nyumba nyingine. Kila Alhamisi baragumu likilia, nyumba hujaza tenga moja la majani yaliyooza, samadi na majivu, hunyunyiza pakiti yake ya hamira juu, hulipandisha hadi kwenye mashimo ya kulishia na kulimwaga. Utando, ule uyoga wa nyuzi ulioenea udongoni, hula. Hamira husafiri ndani ya nyuzi zake nyeupe chini ya msitu mzima, na kesho yake tone moja tu hueleza nani amelisha na nani amelala. Tenga moja, hamira moja. Wahandisi walioupanda utando, mwaka ule ukungu ulipoanza kuupita mlima bila kusimama, walijivunia hesabu hiyo kuliko kitu kingine chochote. Utando uliunasa ukungu, ukauhifadhi udongoni kama sifongo, ukayaachia maji taratibu kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji. Kutoka ndiva, ambako kuchota kwa ndoo kulikatazwa, maji yalikwenda kwenye bomba la kila nyumba, kupitia kilango ambacho chombo kiliweza kukifungua na kukifunga. Yaliyozidi yalishuka bondeni kwa watu wa mji, na kiasi cha kuzidi kilipimwa kwa shibe. Utando ukishiba, Bodi huchota. Ukiwa na njaa, huuacha upumzike.

Na njaa ikizidi? Kwenye semina mhandisi alilijibu swali hilo kwa sentensi moja, akageuza ukurasa. Nankondo aliikumbuka sentensi hiyo sasa: utando wenye njaa hula mizizi. Akachukua jembe, akapanda msituni.

Alitafuta mti wa mkulo uliosimama vizuri, mnene, wenye majani. Akafukua kwenye shina hadi akaupata mzizi wa unene wa paja, akaupiga jembe mara moja tu. Jembe lilizama kama kwenye ugali. Ndani mzizi ulikuwa mweupe, umelowa, umejaa nyuzi, na ile harufu ya kafuri ambayo mkulo huitoa hata ukiwa umekauka miaka kumi, haikuwepo. Akaenda kwa wa pili. Akaenda kwa wa tano. Kwa wa tisa hakupiga tena jembe. Alikaa chini, akaweka viganja kwenye udongo, na chini ya viganja vile mlima ulikuwa unajila wenyewe.

*

Nambike alikuwa anachambua mboga mlangoni kwake. Alikuwa mke wa kaka yake Nankondo, jirani wa ukuta mmoja, na ndiye msimamizi wa mashimo ya kulishia. Pakiti zote za hamira zilipita mikononi mwake.

"Wifi, mbona miguu ina udongo hivyo? Bodi wamekupa na shamba sasa?"

"Nani amekuwa akilisha kwa ajili yetu?"

"Karibu kwanza ukae. Watu wa hospitali mna haraka kama mnakimbizwa na sindano."

"Nambike."

Nambike akaweka sinia chini. "Mimi. Ulitaka nani? Baragumu linalia, nyumba ya mama mkwe wangu iko kimya, Alhamisi mbili za ukimya kilango kinafungwa. Mngerudi na mgonjwa mkute bomba kavu. Nikakufunika."

"Kwa matenga mawili?"

"Mawili nitayatoa wapi? Samadi yenyewe ya mbuzi watatu. Nimegawa langu. Nusu nikanyunyiza hamira yangu, nusu nikanyunyiza yenu." Akaona uso wa wifi yake, akaongeza kwa sauti ya chini, "Chombo hakikulalamika."

"Chombo hakilalamiki. Hakijui kupima tenga, kinajua kunusa hamira tu." Nankondo alikaa kizingitini. "Ni sisi tu?"

Nambike alicheka, kicheko cha mtu aliyeulizwa kama mvua hunyesha kwake peke yake. Kisha akaanza kutaja. Mzee Mchome, magoti yamekufa, analishiwa na nyumba mbili za chini yake. Mjane wa Kilave. Wale mapacha wenye kifua. Nyumba ya Sekiango, aliyefariki miaka minne iliyopita: watoto wako mjini, lakini nani atakubali mlango wa marehemu uitwe mvivu? Waliojifungua. Waliofiwa. Walioenda kutafuta kazi. Mtu hufunikwa wiki mbili, akipona anaona aibu kuuliza ni nani aliyemfunika, na aliyefunika anaona aibu kuacha. Kwa miaka sita. Baadhi ya matenga yaligawanywa mara nne.

Alizitaja kwa mpangilio wa njia, nyumba kwa nyumba, kama anasalimia. Nankondo alihesabu kimoyomoyo, ingawa hakutaka kuhesabu. Mia mbili na tatu.

"Kwa hiyo miaka sita," alisema, "utando umelishwa majina."

"Umelishwa utu," Nambike alijibu kwa ukali. "Wewe unataka kuniambia nini?"

Nankondo alimwambia. Kuhusu jembe, kuhusu mizizi. Nambike alisikiliza mpaka mwisho, mikono imelala juu ya mboga.

"Si utajaza tu humo kwenye chombo kwamba utando una njaa?"

"Hakina mahali pa kujaza njaa, wifi. Kina mahali pa kujaza nyumba."

*

Mhandisi Kalinjuma wa Bodi alionekana kwenye kioo cha simu akiwa na kikombe cha kahawa na macho mekundu. Hakuwa mtu mbaya. Nankondo aliwahi kutamani awe mbaya, kazi ingekuwa nyepesi.

"Picha za mizizi nimezipata," alisema. "Nimezipeleka kikaoni. Wameniuliza shibe ni ngapi, nikasema tisini na saba. Wakaniuliza kama nimechoka."

"Shibe ni ya uongo."

"Naamini. Lakini huku nina mji wenye wagonjwa wa kuhara, na nina karatasi inayosema mlima wenu umeshiba. Siwezi kuwapunguzia maji kwa picha kumi za mizizi. Nipe orodha ya kweli. Nyumba zipi zinalisha, zipi hazilishi. Chombo kikiipata kitakokotoa upya kwa dakika moja. Uchotaji utasimama wenyewe, na shehena ya dharura ya chakula cha utando itapanda huko bila mtu kusaini."

"Na vilango?"

Kalinjuma alitazama kahawa yake. "Vilango navyo vitajifunga vyenyewe. Misimu mitatu. Ni mkataba wenu, Nankondo, si wetu. Vidole gumba ni vya kwenu."

Alikuwa anasema kweli. Mkataba haukuwa na kifungu cha udhuru, na waliouandika walikiacha kwa makusudi. Kabla ya utando palikuwa na mfereji wa mababu, na mfereji ule ulikufa kwa udhuru: huyu mgongo, yule msiba, mwingine harusi, mpaka siku moja wakabaki watu sita na majembe sita mbele ya kilomita nne za tope. Safari hii, walisema, kitu cha wote kisimsikilize mtu. Wakaweka ulinzi dhidi ya mvivu, dhidi ya mwizi, dhidi ya anayedanganya kwa faida yake. Hakuna aliyewaza kuweka ulinzi dhidi ya mtu anayedanganya kwa faida ya jirani.

"Nisipotoa orodha?"

"Kwa picha ulizonitumia? Masika mbili. Kisha hamtakuwa na msitu, na mimi sitakuwa na mji." Alisita. "Dada, waliponiuliza kama nimechoka nilisema hapana. Lakini… Nimechoka kweli."

*

Mkutano ulifanyika ndivani, mchana wa jua. Watu walikaa kwenye ukingo wa mawe wakielekea maji, ambayo yalikuwa yamejaa hadi kwenye alama, na hilo ndilo lililomshinda Nankondo tangu mwanzo. Alikuwa akiwaeleza watu njaa mbele ya bwawa lililojaa.

Mwenyekiti wa ndiva, Senzighe, mwanamume mfupi aliyezoea kupuliza baragumu na kuongea kwa pumzi zilezile, alimwacha amalize. Kisha akasema, "Tumesikia. Sasa unataka nini kwetu, mwonjaji?"

"Nataka mseme wenyewe. Kila nyumba iseme kama inalisha au inalishiwa. Nimeanza na yangu. Mia na kumi na mbili haikulisha kwa Alhamisi kumi na saba."

"Mlikuwa hospitalini," mtu akasema.

"Chombo hakina hospitali."

"Basi chombo kiugue kidogo kijifunze," mwanamke mmoja akajibu, na ukingo mzima ukacheka.

Mzee Mchome alijikongoja kusimama kwa fimbo zake mbili. "Mimi niandike. Miaka minne sijapanda na—"

"Kaa chini, baba," jirani yake akamvuta shati. "Jua limekuingia kichwani. Wiki iliyopita si ulipanda na mimi?"

"Nilipanda na wewe wapi? Na magoti haya?"

"Mmesikia? Na usahaulifu ameanza."

Wakacheka tena, lakini safari hii macho yao yalikuwa kwa Nankondo, na hayakucheka. Senzighe akanyanyua mkono.

"Kama ni chakula, tutaongeza. Kuanzia Alhamisi kila mtu ajaze tenga mpaka mdomoni."

"Mtajaza kitu gani?" Nankondo aliuliza. "Waliobaki na nguvu ni nyumba mia moja themanini na tano. Wanalisha nyumba mia tatu themanini na nane kwenye karatasi na mji mzima kwenye bomba. Hata wakijimwaga wenyewe shimoni haitoshi. Lazima uchotaji usimame, na hautasimama bila orodha."

Aliona alichokosea kabla hajafunga mdomo. Alikuwa ametaja idadi.

Macho yalipita ukingoni, kutoka mtu hadi mtu, yakaishia kwa Nambike. Nambike hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo orodha unayo," Senzighe alisema polepole. "Umetuita hapa ya nini?"

Nankondo akaanza kushuka njia ya kibandani. Jibu la kweli lilikuwa kwamba alitaka wamsaidie kubeba.

*

Siku tatu aliizunguka kazi. Siku ya nne mkulo wa kwanza ulianguka, bila upepo, ukiwa na majani yote. Alikwenda kuutazama. Ulikuwa umeng'oka bila mizizi, kama jino la mtoto.

Alirudi kibandani akaanza na mia na kumi na mbili. Kisha akafuata njia, nyumba kwa nyumba, kwa mpangilio uleule ambao Nambike alizitaja. Kwa kila namba aliona mlango. Alipofika kwa Sekiango alimwondoa marehemu, akajishangaa kwa kuomba radhi kwa sauti. Hakuwataja waliofunika. Mia mbili na tatu, kisha akabonyeza.

Chombo kilikokotoa kwa dakika moja, kama Kalinjuma alivyosema. Shibe: thelathini na nane kwa mia. Mtambo wa uchotaji chini ya ndiva ukanguruma, ukanyamaza. Mahali fulani bondeni maelfu ya watu walifungua mabomba wakasikia hewa. Na kijijini, kwenye kuta za nyumba mia mbili na tatu, vilango vikafunga. Kila kimoja hutoa sauti ndogo, kama mtu anayevunja kidole. Zikitoka pamoja zinasikika mlima mzima.

Kwa siku kumi na moja ilionekana kwamba alifanya sawa. Shehena ilipanda, matenga ya kiwandani yenye chakula kizito cheusi, na kijiti cha kioo kilileta habari njema: nyuzi zilikuwa zinaiacha mizizi na kurudi kwenye mashimo. Hakuna mtu aliyemsalimu katika siku hizo. Alikubali. Alijiambia hiyo ndiyo thamani ya msitu na kwamba ni nafuu.

Siku ya kumi na mbili alisikia kilango kikifunga, mchana kweupe, peke yake. Nyumba ya tisini. Nyumba ya tisini ilikuwa inalisha, haikuwa kwenye orodha. Akakimbilia chombo. Matumizi yamezidi, kiliandika. Maji ya nyumba tatu.

Alitoka nje akaona alichopaswa kukijua kabla ya kugusa kitufe. Njiani walikuwa wanawake, ndoo kichwani, wakitoka nyumba zenye maji kwenda nyumba zisizo na maji. Hawakujificha. Walitembea wakizungumza bei ya mahindi.

Aliwafuata, akawasihi. Mmoja, dada wa rika lake, alisimama kwa heshima, kwa sababu ndoo ilikuwa nzito na yeye alikuwa na adabu. "Unataka nimwambie Mzee Mchome nini? Kwamba nina maji ila chombo hakitaki?"

"Kitafunga na chako."

"Basi wa karibu yangu ataniletea."

"Na akifungiwa yeye?"

Yule dada alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Kuna wengine," alisema, akaendelea na safari.

Vilango vilikuwa vinajifunga vitatu kwa siku, kisha sita, kisha ishirini. Na aliyefungiwa hakupanda tena Alhamisi. Hakuna aliyekataa kwa maneno, ila tenga huachwa tu pembeni ya banda. Shehena ya dharura iliisha. Baragumu lililia, watu arobaini wakapanda, wiki ya pili kumi na tisa. Wote kumi na tisa walinyunyiza hamira yao wenyewe, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, bila udanganyifu hata chembe. Chombo hakikuwa kimewahi kupata taarifa safi kama ile. Shibe: kumi na nne.

Nankondo alimpigia Kalinjuma. Simu iliita mpaka ikakatika.

*

Nambike alikuja saa nne asubuhi. Alikuwa hajakanyaga kwao tangu mkutano. Alisimama mlangoni na ndoo, uso mkavu, akaiweka chini ndani ya kizingiti.

"Ya mama mkwe," alisema. "Si yako."

Nankondo alikuwa ametoka kwenye chombo. Alijua nyumba ya Nambike imebakiza lita ngapi kabla ya kikomo, na aliijua ndoo ile kwa macho. "Umeshachota?"

"Unaiona."

"Rudi ukaimimine ndivani. Chombo kitahesabu imerudi, bado kuna—"

"Nankondo." Hakumwita wifi. "Umenichukulia maneno yangu ukayafanya orodha. Usinichukulie na ndoo."

Kutoka ndani Mama Nanzia alikohoa. Mitungi ya akiba ilikuwa imekauka; tangu jana alikuwa hana maji ila yale machache ya kulowanishia midomo, na dawa za mfupa hukausha mtu kama moto. "Nani huyo?" aliuliza kwa sauti iliyokwaruza.

Hapo ukutani, upande wa pili, kilango kikavunja kidole chake. Nambike alikisikia. Alitazama ukuta, akaurudisha uso, akabaki palepale mlangoni akisubiri ndoo yake.

Nankondo alichota kikombe. Alipiga magoti kitandani, akamwinua mama yake kichwa, akamnywesha. Mama Nanzia alikunywa chote bila kupumua, akafumba macho, akasubiri koo limrudie.

"Yametoka wapi?"

"Bombani, mama."

"Wamefungua?"

"Wamefungua."

"Alhamdulillahi, au Bwana asifiwe, yeyote aliyefungua." Mama Nanzia alicheka kidogo, kisha akamshika mwanawe kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo hakuwa nazo juzi. "Basi mchotee na Nambike. Mpelekee sasa hivi, usingoje akuombe. Yule mtoto ametubeba sana."

"Ndiyo, mama," Nankondo alisema, na hakugeuka kutazama mlangoni.